Mume Wangu Anasema Nikiomba kwa Jina la Yesu Sala Haifiki

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Morogoro na mume wangu ambaye ni fundi umeme. Tulijuana kwaya, yeye akiimba besi na mimi sauti ya kwanza. Mwaka jana alianza kufuatilia mafundisho ya mizizi ya Kiebrania kwenye simu, kisha akapata kikundi kinachokutana Jumamosi. Sasa kanisani haendi. Kitimoto marufuku nyumbani, Krismasi ni upagani, Jumapili ililetwa na Kaizari. Amenunua pembe ya kondoo kwa laki mbili na nusu wakati ada ya mtoto haijaisha, na kila Jumamosi alfajiri anaipuliza uani mpaka majirani wamemwita mjumbe. Hayo nayavumilia. Lakini juzi nikiwaombea watoto kabla ya kulala alinikatiza, akasema Yesu ni jina la mungu wa Kigiriki, nisiposema Yeshua sala haifiki. Binti yetu wa miaka mitano akaniuliza, "Mama, kwa hiyo za jana hazikufika?" Nina mimba ya miezi saba, ya mtoto wa kiume. Mume ameshaamua mtoto atatahiriwa siku ya nane, hapo nyumbani, na mzee wa kikundi chao. Mama yangu anasema nirudi kwetu nikajifungulie huko. Nifanyeje? – Sauti ya Kwanza, Morogoro.*

Marahaba mwanangu.

Nianze na swali la binti yako, maana katika nyumba hiyo ndiye aliyeuliza la maana kuliko watu wazima wote. Mwambie zilifika. Mwambie leo, usingoje tukubaliane kuhusu Kiebrania.

Sasa tuje kwa baba yake. Kwamba Mariamu alimwita mwanawe Yeshua, au kwa matamshi yanayokaribia hapo, ni kweli. Ni ufupisho wa Yehoshua, yaani Yoshua. Lakini karne kama mbili kabla Yesu hajazaliwa, Wayahudi wanaosema Kigiriki walikuwa wameshatafsiri Maandiko yao, na walipofika kwa Yoshua mwana wa Nuni waliandika Iesous. Kigiriki hakina "sh", na majina ya kiume hupenda kuishia na s, basi. Mungu wa Kigiriki anayesingiziwa hapo hahusiki kabisa. Walioandika Injili wakalikuta jina limeshazoeleka, wakalitumia, na kutoka huko sisi tukapata Yesu. Akija na ile hoja nyingine, kwamba herufi J haikuwepo zamani, mwambie aipeleke kwa Waingereza. Sisi tunaandika kwa Y.

Lakini usije ukatoka hapo ukadhani nimekupa fimbo ya kumpigia. Mizizi anayoizungumzia ipo kweli, na anayeifukua vizuri hupata mali. Mimi nimemsoma yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 tangu nikiwa shule ya Jumapili. Alikuja kwa nyuma akagusa pindo la vazi la Yesu. Miaka yote nilidhani pindo ni ule mshono wa chini, kama wa kanzu. Kumbe ni vishada vya nyuzi ambavyo Hesabu 15 inawaagiza wana wa Israeli wavitie kwenye ncha za mavazi yao, wakivitazama wakumbuke amri za Mungu. Yule mama, ambaye kwa sheria ya siku zile alihesabiwa najisi, alinyoosha mkono akashika hasa sehemu ya nguo inayobeba amri. Nilipolijua hilo nilifunga Biblia nikakaa kimya kidogo, chai ikapoa.

Halafu Mswahili hana haja ya kuagiza Kiebrania kutoka mbali, nusu yake anayo mdomoni. Kiarabu, kilichotupa maneno mengi, ni ndugu wa Kiebrania tumbo moja. Ukisema sadaka, wao wana tsedaka. Baraka ni beraka, nafsi ni nefesh, damu ni dam, nabii ni navi. Malaika ni malakh, na madhabahu yetu na mizbeakh yao yametoka shina moja la kuchinja. Hata kuhesabu siku kuanzia magharibi, jambo ambalo mumeo pengine amelitolea semina nzima, bibi zetu wa pwani hawakuhitaji kufundishwa. Kwao usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Na ninyi wawili kwenye kwaya, mlipokuwa mnaimba Haleluya, Hosana na Amina, mlikuwa mnaimba lugha gani?

Kwa hiyo usimcheke. Na kitimoto, kwa kweli, usikipiganie. Wasabato wako Upareni tangu 1903, hawali nguruwe, wanapumzika Jumamosi, na hakuna ndoa iliyovunjika kwa kukosa mishikaki. Wakristo wa Ethiopia, ambao ufalme wao ulipokea imani karne ya nne, hawali nguruwe mpaka leo, huwatahiri watoto wa kiume siku ya nane, na huiheshimu Jumamosi pamoja na Jumapili. Jumapili hawajaiacha, hilo mumeo alitazame vizuri.

Na hilo la Kaizari. Konstantino alitoa amri ya mapumziko ya Jumapili mwaka 321, ni kweli. Ila kama mwaka 150 hivi, Yustino aliyekuwa akifundisha Roma alishaeleza kwa maandishi jinsi Wakristo walivyokutana siku hiyo, wakasoma, wakaomba, wakamega mkate. Kaizari aliikuta ibada ipo, akaifungia maduka.

Sasa nikusimulie kisa ambacho ningependa mkisome wote wawili mkiwa mmeketi, simu zikiwa mbali. Kama mwaka 155, mzee mmoja aliyepita miaka 80 alisafiri kutoka Smirna, mji unaoitwa Izmir leo huko Uturuki, mpaka Roma. Jina lake Polikarpo. Makanisa ya kwao yaliadhimisha Pasaka tarehe 14 ya mwezi wa Nisani, siku ile ile ya Wayahudi, iangukie Jumatatu au Alhamisi, na Polikarpo alisema amepokea hivyo kwa Yohana mwenyewe. Roma wao walingoja Jumapili. Ndiyo ugomvi wenu huo huo, na huyu mzee alikuwa na haki ya kudai mizizi kuliko mtu yeyote wa kwenye simu. Akakaa na Aniseto, askofu wa Roma, wakabishana. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Kisha Aniseto akampisha mgeni wake aongoze meza ya Bwana katika kanisa la Roma, wakashiriki pamoja, wakaagana kwa amani, kila mmoja na kalenda yake. Miaka kama 35 baadaye askofu mwingine wa Roma, Viktori, alitaka kuyatenga makanisa ya upande wa Smirna kwa ajili ya tarehe hiyo hiyo, na Irenei, askofu wa Lyon huko Ufaransa ya leo, akamwandikia kumkumbusha wale wazee walivyofanya.

Ndiyo maana simlaumu mumeo kwa Jumamosi yake. Namlaumu kwa kukata sala ya mama mbele ya watoto. Mitume walikutana Yerusalemu, kama mwaka 49, kujadili jambo hili hili: watu wa mataifa wanaomwamini Yesu watahiriwe, washike torati yote? Walioketi pale wote walikuwa Wayahudi, wanakijua Kiebrania kuliko kikundi cha Morogoro, na wakaamua wasiwatwike mzigo huo. Ipo Matendo 15. Anayerudi kwenye mizizi akairuka sura hiyo amechimba upande mmoja.

Tena kuna jambo nataka alifahamu kwa heshima. Uyahudi ni dini ya watu walio hai, wenye walimu wao na mabishano yao, wala si kabati la kuchukulia mavazi. Semei Kakungulu wa Uganda, aliyekuwa jemadari mkubwa, alisoma Biblia mpaka akaona tohara na Sabato ni vya kushika, na mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Aliambiwa hayo ni mambo ya Wayahudi, na akaufuata Uyahudi wenyewe. Jamii aliyoiacha karibu na Mbale, Abayudaya, iko mpaka leo. Unaweza usikubaliane naye lakini huwezi kusema alichukua pembe akaacha kondoo.

Na pembe yenyewe! Hapa nitakupa dawa ya mjumbe. Shofari, ndiyo hiyo pembe ya kondoo, hupulizwa mwaka mpya wa Kiyahudi, na asubuhi za mwezi unaoutangulia. Siku ya Sabato, kwa desturi yao ya tangu zamani, haipulizwi. Hata mwaka mpya ukiangukia Jumamosi, masinagogi ya wanaoshika desturi hiyo huiacha kimya. Mumeo amekuwa akiamsha mtaa mzima siku hasa ambayo wenyewe wameiweka chini. Umwambie taratibu, usiwe na uso wa ushindi.

Kuhusu pesa sitaongea sana. Ada kwanza, halafu vifaa vya ibada, na hilo halina Kiebrania wala Kigiriki.

Mtoto sasa. Hapa, mwanangu, nakuomba uwe mgumu kama kisiki. Tohara yenyewe sikupingi, wala siku ya nane sina neno nayo. Yesu mwenyewe alitahiriwa siku hiyo. Lakini haitafanyika uani kwa mkono wa mzee ambaye kazi yake ni kufundisha aya. Wayahudi wana mtaalamu wake, mohel, aliyesomea kazi hiyo, na sheria yao inasema mtoto mgonjwa au mwenye manjano haguswi mpaka apone, siku ya nane ipite tu. Kwa hiyo mwende naye kliniki kabla hujajifungua, muulize pamoja nani anafanya, lini, na mtoto awe na hali gani. Daktari akisema tusubiri, mtasubiri. Mumeo akikataa, mshirikishe baba yake au mshenga wenu mapema, usingoje siku ya saba. Na kwa kuwa uchungu hauangalii kalenda, mkumbushe pia kwamba kwa Wayahudi kuokoa uhai kunatangulia Sabato. Ukikushika Jumamosi, bajaji iitwe.

Kuhusu kwenda kwa mama, kujifungulia kwenu ni desturi nzuri, nenda ukipenda. Ila nenda kama mzazi anayekwenda kulelewa, mumeo akikusindikiza na kanga zako, usiende kama mtu aliyekimbia vita. Ukiondoka na hasira, kikundi kitamwambia ametengwa kwa ajili ya ukweli, na hapo utakuwa umewapa mahubiri ya mwaka mzima.

Mwisho, jaribu hili Ijumaa ijayo. Pika chakula anachokipenda, kisicho na kitimoto, tandika meza kabla jua halijazama. Muulize, katika nyumba za Kiebrania anayewasha mishumaa ya Sabato ni nani? Kwa desturi ni mama wa nyumba. Basi washa wewe, na binti akae karibu aone. Kisha muulize baada ya hapo kinafuata nini, na kama mwalimu wake hajamfundisha, mfundishe wewe: kabla ya kula, mume humwimbia mkewe Mithali 31 kuanzia mstari wa 10, mbele ya watoto. "Mke mwema, ni nani awezaye kumwona? Maana kima chake chapita kima cha marijani." Iko mistari 22, na asiruke hata mmoja. Akishamaliza ndipo umtajie kliniki.

Tena huyo si alikuwa anaimba besi?