Kwa mnaoanza kutafsiri habari: misemo ya wenyewe

Mnaoingia sasa kwenye dawati la tafsiri, maneno magumu yasiwatishe. Hayo yana kamusi. Kitakachowasumbua ni misemo, kwa sababu kila neno lake mnalijua na bado maana inawapita.

Habari ya Kiingereza ikisema waziri "kamtupa mwenzake chini ya basi", msomaji wa tafsiri sisisi, yaani ya neno kwa neno, atauliza ajali imetokea wapi. Kiswahili kinatumia neno moja, amemtosa, na ukatili wake ni uleule: mtu anaachwa majini, chombo kinaendelea na safari. Wabunge "wanaopiga mkebe teke barabarani" huku kwetu wanapiga danadana. Aliyecheza mpira mtaani anaijua: mpira hauanguki wala hauendi mbele.

Lakini msije mkawa maadui wa misemo ya kigeni. Machozi ya mamba, damu nzito kuliko maji, kuua ndege wawili kwa jiwe moja: nani leo anauliza imetoka wapi? Kunawa mikono kumetoka kwa Pilato, Mathayo 27:24. Ninaoupenda kuliko yote ni wa Waarabu, as-sabru miftahul-faraj, yaani subira ni ufunguo wa faraja. Subira na faraja zilishafika pwani na lugha hiyohiyo. Ufunguo tu ndio tuliochonga wenyewe.

Pagumu zaidi ni kwenye nukuu. Harold Macmillan, Waziri Mkuu wa Uingereza, alipolihutubia Bunge la Afrika Kusini mjini Cape Town, Februari 3, 1960, alizungumzia upepo wa mabadiliko unaovuma barani. Upepo huo ndio habari yenyewe, hauguswi. Wala msimtie kiongozi wa Ujerumani "haba na haba hujaza kibaba" mdomoni, hata kama ndiyo maana aliyoikusudia. Kibaba ni kipimo chetu, na msomaji ataamini kweli alikitaja. Mpeni maneno yake kwa Kiswahili cha kawaida, methali ibaki kwenye simulizi lenu.

Kuna msemo mmoja nawasihi muuache kabisa: "mwisho wa siku". Umejaa redioni, na hauna kazi ambayo hatimaye au mwishowe haiwezi kuifanya. Kabla ya kutuma habari, isomeni kwa sauti mbele ya mtu asiyejua Kiingereza. Akikunja uso, rudini kwenye sentensi hiyo.