Muulize Shangazi: Siku ya mwisho Istanbul

Shikamoo Shangazi. Mwezi ujao naenda Uturuki na kina mama wenzangu wa hapa Lamu, ziara ya misikiti ya zamani. Ratiba ya siku ya mwisho imenitisha, ni Jumapili, asubuhi msikiti wa Süleymaniye, mchana jumba la Topkapı, jioni soko kubwa la Kapalıçarşı, usiku ndege. Na magoti yangu haya! Nitaweza kweli?
Mama Wawili, Langoni

Marahaba mwanangu. Huyo aliyepanga ratiba mpigie simu leo leo, Kapalıçarşı Jumapili hufungwa, mtafika mkute milango imekomewa na zawadi za watu hujanunua, sa utawaambia nini huku nyumbani? Soko liwekwe Ijumaa au Jumamosi.

Süleymaniye usiuache, ni kazi ya Mimar Sinan, yule msanifu majengo mkubwa wa masultani wa Uturuki, ulimalizika 1557, ila uko juu kilimani, so panda teksi, kushuka ndo utembee. Topkapı mimi ningeiruka siku hiyo, ni kubwa mno na kusimama kwingi, na wenzio wakinuna wanune tu, wewe kaa kwenye bustani ya msikiti uangalie maji ya Pembe ya Dhahabu, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, huku chini mpaka wachoke wao.

Begi liache mapokezi hotelini. Uwanja wa ndege uko mbali na mji na foleni barabarani ni balaa, tokeni mapema. Manukato chupa kubwa weka kwenye begi la kupakiwa, la mkononi kila chupa mwisho mililita 100. Afu ukishuka uwanja wa ndege wa Manda bado kuna boti ya kuvuka Lamu, mwambie kijana mmoja aje akupokee mizigo.