Kompyuta ya Chombo Isicheze Badala ya Wachezaji

Ukianza kuendesha mchezo wa kuigiza wa anga mezani, yaani wewe unasimulia, wenzako wanaigiza wahusika na dadu zinaamua, jiandae kwa swali moja. Litatoka kwa yule mchezaji anayejua mambo ya simu kuliko wenzake: "Kama tuna uwezo wa kusafiri kati ya nyota, kwa nini mzinga wa chombo ulengwe na mtu, si kompyuta?" Usilikimbie. Mimi nililikimbia, nikawauzia droni ili wanyamaze.

Ilikuwa droni ya upelelezi, ndogo kama kunguru, na niliiuza kwa bei ya chee. Vikao vitatu hakuna aliyeshuka chomboni. Wanafika kituoni, wanaituma droni, mimi nasimulia inachokiona, wao wanakunywa chai. Nyuma ya mlango kuna nini? Droni. Walinzi wangapi? Droni. Kikao cha tatu dada aliyekuwa rubani wetu akaanza kujibu meseji zake, wala sikuweza kumlaumu, kwa sababu mezani hapakuwa na jambo lililomhitaji. Kanuni nilikuwa nimezifuata neno kwa neno.

Kabla ya kumpa mchezaji kifaa chochote, fanya hesabu ya dadu. Sisi tunacheza Traveller, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1977 na Game Designers' Workshop. Unarusha dadu mbili, ukipata 8 au zaidi umefaulu. Dadu mbili zina namna 36 za kuangukia, na 15 tu ndizo zinazokufaulisha. Mwenye ujuzi wa 2 anaongeza 2 kwenye jumla ya dadu, kwa hiyo anafaulu kwa namna 26. Sasa mpe kompyuta inayomwongezea 2 nyingine: 33. Hapo dadu zinarushwa kwa heshima tu, na mchezaji aliyehangaika kujenga mhusika wake mlenga shabaha anagundua kwamba kifaa cha dukani kingetosha. Mezani kwangu mashine inambeba asiyejua kazi, ama inamwongezea 1 anayeijua. Zaidi ya hapo hapana, hata wanibembeleze vipi.

Jibu la lile swali la mzinga nililikuta kwenye kanuni zenyewe za zamani, ambazo wengi huzicheka kwa sababu kompyuta zake ni kubwa na nzito. Zichekwe, lakini kuna kitu walikipatia. Kompyuta ndogo kabisa ya chombo ina nafasi 2 za kuendeshea programu na nafasi 4 za kuziweka akiba. Kulenga ni programu. Kuongoza chombo ni programu. Urambazaji ni programu, na kuruka kwenda nyota nyingine ni programu. Kila moja kati ya hizo inakula nafasi 1. Piga hesabu mwenyewe: ukitaka kuruka unahitaji urambazaji na mruko pamoja, nafasi zimejaa, na kulenga kumetoka.

Niliziandika programu kwenye vipande vya boksi la biskuti, nikachora miraba miwili kwenye karatasi katikati ya meza. Basi maharamia walipotokea nyuma ya chombo chetu cha biashara cha tani 200, sikusimulia chochote kwa karibu dakika kumi. Rubani alikuwa ameshika kadi ya mruko, mpiga mzinga amefunika kadi ya kulenga kwa kiganja, anasema, "Raundi moja tu, dada, nipe raundi moja." Mashine ilikuwa inafanya kila kitu, na bado wao ndio waliokuwa wanatoa jasho. Ukichukua jambo moja tu kutoka kwangu, chukua hiyo miraba miwili. Droni nayo niliirudisha kwa mtindo huohuo: ikiwa hewani, kuiongoza kunakula mraba mmoja.

Kuhusu mashine kuharibika nitasema kidogo. Usiiharibu kwa sababu tu hadithi imekwama. Wachezaji wananusa, na wakishanusa hawanunui kifaa tena. Kama kifaa kina udhaifu, wautajie siku wanakinunua.

Roboti ni habari nyingine, kwa sababu wana amri. Hapa ninayo kanuni ya nyumbani: amri iandikwe kwenye karatasi, nami nitaitekeleza ilivyoandikwa. Katika Traveller hakuna ujumbe unaokwenda kasi kuliko chombo, na kila mruko ni kama wiki moja, kwa hiyo roboti aliyeachwa nyuma hana wa kumuuliza. Ana karatasi yake tu.

Fundi wetu wa mitambo aliandika: "Linda mlango wa ghala. Asiingie mtu yeyote." Akaondoka amejaa raha. Saa moja baadaye anarudi mbio, walinzi wa bandari nyuma yake, na roboti anamzuia mlangoni. Meza ilicheka, yeye akakasirika, lakini alikubali kwamba "yeyote" ni neno lake. Akajibanza nyuma ya makontena mpaka walinzi wakapita. Kilichomuuma kilikuja baadaye. Mtu aliyekuwa akitudai alituma roboti wake wa kubeba mizigo, akapita palepale mlangoni bila kuguswa, akabeba sanduku zote.

"Mbona umempitisha?" fundi akafoka.

Nikamsomea karatasi yake. Asiingie mtu. Yule ni kitu.

Alinitazama kwa muda, kisha akaomba kalamu. Siku hizi amri zake zina mistari sita, anataja watu, vitu na wanyama, na mimi nazipitia usiku kabla ya kikao nikitafuta tundu.