Kabla hujashangilia mabadiliko ya mafuta kwenye kansa ya ini, niambie sampuli zilikaa mezani dakika ngapi

Juzi kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia inboksi, yuko masta, ana sampuli za kansa ya ini na mafuta ya utando wa seli yamebadilika balaa, hajalala kwa furaha. Nikacheka halafu nikaumia, maana huyo ni mimi kabisa.

Mimi nilikuwa na grafu tamu jamani. Kwenye uvimbe, fosfolipidi (mafuta yanayojenga utando wa seli) zenye mikia iliyopinda pinda, zile zinazoulainisha utando, zimeshuka, na zile zilizobaki na mkia mmoja, lisofosfatidilkolini, kwa kifupi liso, zimepaa. Ya kwanza ilikuwa inaeleweka, seli ya kansa ya ini hujipikia mafuta yenyewe na mengi yanatoka yamenyooka, hayachachi kirahisi yakikutana na oksijeni, yanailinda. Ya pili ndo ilipaswa kunishtua. Kansa hii mara nyingi hupandisha LPCAT1, kimeng'enya kinachorudishia ule mkia uliokatwa, sasa liso inapaaje? Mimi nikaita ugunduzi!

Supavaiza akauliza swali moja tu, vipande vilikaa mezani muda gani kabla ya kugandishwa. Kimya. Nyama ya ini ya pembeni mwa uvimbe nilikuwa naitupia kwenye naitrojeni ya kimiminika igande fasta, ila uvimbe naupima, naupiga picha, naukata taratibu, na muda wote huo vimeng'enya vinakata mikia, liso inapaa, na hewa inachachisha ile iliyopinda iliyobaki. Miezi 8 imeenda hivyo. Kuna mtu wa labu alitabasamu, sijamsahau.

Basi sikiliza mdogo wangu. Gandisha zote kwa muda uleule. Weka BHT, kemikali ya kuzuia mafuta yasichache, kwenye klorofomu na methanoli unazotolea mafuta tangu mwanzo, usisubiri ukumbuke. Kaushia kwa gesi ya naitrojeni, achana na hewa ya chumba. Tenga utando na matone ya mafuta, maana trigliseridi, mafuta ya akiba yanayojaa kwenye matone, si za utando, na hiyo nyama ya pembeni unayoiita nzima mara nyingi ina sirosisi, yaani ini lenye makovu. Na gandisha zote kwa muda uleule, ndiyo narudia, watu hamsikii, mnataka grafu tu.

Nilianza upya. Kule kupaa kwa liso kukayeyuka kote, ile tofauti ya mikia iliyopinda ikabaki, nusu ya mwanzo, ila imo, na ndo iko kwenye tasnifu yangu ukurasa wa 61. Nitumie dakika zako za mezani, sampuli moja moja, nikuangalizie.