Skripti zangu ni fupi sana, kweli niwagawie wenzangu?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi nasimamia tovuti na pia naediti video, nimejiandikia skripti ndogondogo (mafaili ya amri ambazo kompyuta inazifuata moja baada ya nyingine), moja inachukua bakapu ya tovuti kila usiku, nyingine inapunguza ukubwa wa video zote za folda moja. Wenzangu wanaziomba ila naona ni mistari michache tu, tena naogopa zisije zikawaharibia kazi. Nifanyeje?

JIBU: Salama kabisa. Wape, tena usichelewe! Ufupi sio kasoro, skripti ya mistari mitano mtu anaisoma yote kabla hajaiendesha na akiielewa anaibadilisha mwenyewe. Hata hiyo FFmpeg, programu ya kubadilisha video, ambayo nadhani ndo unaitumia kwenye video, aliianzisha Fabrice Bellard mwaka 2000 na tunaipata bure mpaka leo kwa sababu watu hawakuficha kazi zao.

Ila woga wako una msingi. Hiyo ya bakapu nina uhakika ina paswedi ya databesi ndani yake, sasa itoe uiweke kwenye faili la pembeni ambalo skripti inalisoma, na hilo faili usimpe mtu. Na kama ulishaipandisha kwenye Git, ile inayotunza kila toleo la mafaili yako, usidhani kufuta ule mstari kunatosha, historia inabaki nayo na yeyote anaweza kurudi nyuma akaiona, kwa hiyo badilisha paswedi yenyewe.

Kama bakapu inatumia rsync (programu ya kunakili mafaili) yenye --delete, hapo waandikie wazi kabisa mwanzoni mwa skripti, manake ile inafuta kule bakapu inakowekwa kila kisichokuwepo kwenye chanzo, yaani siku diski ya chanzo haijaunganishwa na folda yake iko tupu, bakapu nzima inaweza kufutika. Waanze na --dry-run, itawaonyesha kitakachofanyika bila kugusa kitu.

Kwenye video kuna mawili yanasumbua sana watu. Majina ya mafaili huwa na nafasi, mfano "mahojiano sehemu ya pili.mp4", usipoandika "$faili" na alama zake za kunukuu, bash, ile programu inayoendesha skripti, inalikata jina vipande vinne halafu unaambiwa faili halipo. La pili, ukiwa unasoma orodha ya video kwa while read (inayosoma mstari mmoja mmoja) na ndani yake ukaita ffmpeg, yenyewe nayo inasoma palepale inapopita orodha, inameza majina, unashangaa video ya kwanza imetoka sawa nyingine zimerukwa. Ongeza -nostdin kwenye amri ya ffmpeg ili isisome hapo, imeisha.

Mwisho weka leseni, yaani maandishi ya kuwaruhusu watu kuitumia, ya MIT ni fupi na inatosha, maana bila leseni haki zote zinabaki kwako na aliye makini ataogopa kuigusa.

SWALI: Nimetumiwa skripti ya kusafisha seva, nitajuaje kama ni salama?

JIBU: Isome yote kwanza, hasa kila penye rm (inafuta), curl (inapakua kutoka mtandaoni) na sudo (inaendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi). Usipoelewa mstari muulize aliyekutumia, na usiiendeshe kama root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, hata kama ameandika hivyo. Ijaribu kwenye kopi ya tovuti, sio ile inayotembelewa na watu. Ile bash -n inakagua tu kama imeandikwa sawasawa, haikwambii kama itafuta folda usiyotaka.