Afande Asiyependwa: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Platuni yetu imepata luteni mpya, ana miezi mitatu nasi sasa. Anafokea watu hadharani, anabadilisha ratiba usiku wa manane, na kosa la mmoja tunaadhibiwa wote. Askari wananisukuma niandike barua, tusaini wote. Wengine wanataka tususie gwaride. Nishike lipi?
Koplo wa seksheni

JIBU: Lolote kati ya hayo mawili litakuumiza wewe kabla halijamgusa luteni. Katika majeshi mengi, askari mmoja akikataa amri halali ana kosa la kutotii. Wawili au zaidi wakikubaliana kukataa, hilo linaweza kusomwa kuwa uasi, na uasi una hukumu nzito mno. Wakubwa huogopa askari wakiungana, na woga huo una sababu. Mwaka 1905, mabaharia wa meli ya kivita ya Urusi, Potemkin, waligoma kula mchuzi wa nyama iliyoingia funza. Malalamiko yao yalikuwa ya haki tupu, lakini siku ileile maofisa kadhaa waliuawa na meli ikatekwa. Kwa hiyo mkuu wa kombania, yaani kikosi chenye platuni kadhaa, akiona majina 25 chini ya karatasi moja, swali lake la kwanza halitakuwa luteni kafanya nini. Atauliza nani kazunguka na hiyo karatasi. Barua isiyo na jina nayo haisaidii: hakuna wa kuhojiwa, na platuni nzima inabaki kushukiwa.

Tenganisha mambo, maana uliyoyataja si ya aina moja. Kufoka ni tabia, na peke yake mara nyingi haifiki mbali, isipokuwa kukiwa na matusi au vitisho. Ratiba ni suala la kazi. Adhabu ya wote ni suala la kanuni: tafuta kanuni zenu zinasema nani ana mamlaka ya kuadhibu, kwa kosa lipi, na inaandikwa wapi. Kuna tofauti kati ya mazoezi ya kurekebisha udhaifu na adhabu, na maofisa wageni huichanganya sana.

Kisha andika. Tarehe, saa, maneno yenyewe, nani alikuwepo, kilichofuata. "Luteni anatuonea" haina uzito. "Jumanne, saa 5 usiku, alibadilisha zamu za lindo, askari 2 waliotoka lindo saa 4 wakapangwa tena saa 8, mmoja alikutwa amesinzia na silaha mkononi" ina uzito, kwa sababu mkuu yeyote anaona hatari hapo bila kuombwa amchukie mtu. Usiandike njia za doria wala idadi ya risasi, na usiyaweke kwenye kundi la simu. Picha ya ukurasa husafiri, nawe utageuka mshtakiwa wa kuvujisha siri.

Hatua inayofuata ni sajini wa platuni. Usimvamie mkitoka kwata, wala mbele ya kuruta. "Afande, naomba dakika 10 faragha." Peleka jambo moja, lile la lindo. Ukimwagia matano kwa mkupuo, atasikia manung'uniko tu. Sajini mzuri atamwambia luteni pembeni, na mara nyingi linaishia hapo, kwa kuwa luteni mgeni humtegemea sajini kuliko anavyokubali kuonyesha. Lisipoisha, omba kupitia kwa sajini huyohuyo kumwona mkuu wa kombania. Usiruke ngazi, isipokuwa mlalamikiwa ndiye ngazi yenyewe, au jambo ni kipigo, rushwa au kutakiwa kingono. Hayo yana milango yake: polisi jeshi, daktari wa kikosi, ofisi ya sheria.

Wakati unasubiri, irudie kila amri kabla hujaondoka. "Nimepokea, afande: magari 4, saa 11 alfajiri, mafuta tujaze jioni hii. Dereva aliyekesha lindo aendeshe, au nibadilishe?" Swali la mwisho linamwonyesha mtu tatizo bila kumkosoa. Mara nyingi atabadilisha mwenyewe.

SWALI: Mkubwa wangu ananiamuru nisaini daftari la ghala la silaha bila kuhesabu, eti tunachelewa. Nikikataa ataniona mkaidi.
Mtunza ghala

JIBU: Heri akuone mkaidi leo kuliko ufikishwe mahakama ya kijeshi kesho. Sema: "Ndiyo afande, naanza kuhesabu sasa hivi," uanze. Soma namba ya kila bunduki kwa sauti, mwenzako aitiki kwenye daftari, halafu magazini na darubini za usiku. Mkihesabu jumla tu mtapata 30 na bado moja ikawa ya platuni nyingine. Pungufu likitokea, liandike juu ya sahihi yako, na saa. Akisisitiza usaini kabla ya kuhesabu, omba amri hiyo kwa maandishi. Wengi hukumbuka ghafla kwamba muda upo.

Usichanganye hili na amri ya kutenda jinai kubwa za kimataifa. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), unaihesabu amri ya kufanya mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu kuwa haramu waziwazi, na "niliamriwa" si kinga. Hapo unakataa, unaripoti, wala huhitaji karatasi.

SWALI: Mimi ndiye luteni asiyependwa. Nikiingia bwenini kicheko kinakatika.
Luteni usu

JIBU: Kicheko kukatika si kosa, cheo hufanya hivyo popote. Wasiwasi uanze pale taarifa mbaya zinapokufikia zimechelewa: gari limeharibika tangu juzi, nawe unajulishwa asubuhi ya safari. Hiyo ina maana wanaogopa kukuambia. Muulize sajini wako, mkiwa wawili tu, "Nifanye nini tofauti wiki hii?" na usijitetee akijibu. Kemea faraghani, sifu mbele ya gwaride. Kula baada ya askari wako kupata chakula. Ratiba ifungwe saa 12 jioni. Ikibidi kuibadilisha baada ya hapo, mwambie kila kiongozi wa seksheni sababu, kwa sentensi moja. Usiwanunue kwa kulegeza ukaguzi: watachukua ulegevu huo, na siku utakapoubana tena watakuita kigeugeu.