Jibu: Karatasi zote gramu 80, mbona moja imegeuka njano?

Mkuu, gramu 80 ni uzito wa mita moja ya mraba tu, haikuambii rojo, yaani uji wa nyuzi za mti unaotengeneza karatasi, imetoka wapi. Hiyo iliyogeuka njano ina rojo ya kusaga: mti husagwa karibu wote, lignini (gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti) inabaki ndani, mwanga na hewa vinaibadilisha rangi. Ndiyo ya magazeti. Rojo ya kemikali hupikwa kwa dawa hadi lignini nyingi itoke. Nyuzi hubaki ndefu na imara. Kitabu cha kudumu agizia hiyo, tena isiyo na asidi.

Ya kusaga si takataka, lakini. Kwa uzito uleule huwa nene zaidi na maandishi ya nyuma hayapenyi kirahisi. Ndiyo maana upana wa mgongo wa jalada hupigiwa hesabu kwa unene wa karatasi, kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita), si gramu.